Kicheko cha Mpole

Mkasi ulikuwa bado sakafuni, pale pale ulipomponyoka Msusi.

Hakuuokota. Angeuokotaje, na mwanamke aliyekalia kiti cha katikati ndiyo kwanza amemaliza kusema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba yeye ni mke wa mkaguzi wa majengo, yule aliyeuawa?

Na nyuma ya pazia la maua, karibu kiasi cha kusikia mtu akimeza mate, katikati ya ndoo na mabunda ya nywele za bandia, alikuwa amejificha muuaji mwenyewe.

Kwa wewe unayetufikia leo: muuaji huyo ni mdogo wake Msusi, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mtaa mzima unamwita Mpole. Binti yake wa pekee alikuwa akijifunza ushonaji kwenye jengo jipya la ghorofa, na jengo likamwangukia. Mkandarasi aliyelijenga kwa saruji ya kubahatisha alishitakiwa, akaachiwa, akatoka mahakamani anatabasamu. Mpole akamuua. Halafu akamuua mkaguzi aliyezifumbia macho zile nguzo mbovu. Polisi wanamsaka kila kona. Mtaa, kwa upande wake, unamwita shujaa.

Na ushujaa huo, tusifichane, ulipikwa hapa hapa saluni. Msusi ndiye aliyekuwa akiusimulia, kichwa baada ya kichwa. Mteja akikaa tu, kabla hajafungwa shuka shingoni, anasema, "Dada, tuambie tena ya kaka yako." Naye anaambia. Siku hizi viti havitoshi, wengine wanasubiri wamesimama.

Leo hakukuwa na anayesubiri. Walikuwa wao wawili, na pazia.

"Pole, mama," Msusi akasema, maana ilibidi aseme kitu. "Pole sana."

"Nimeshapoa." Mjane akainua mkono wa kushoto. Ulikuwa kwenye plasta tangu kiganjani hadi juu ya kiwiko. "Nataka unifumue hizi rasta. Nilisuka kabla ya msiba, sasa zinaniwasha. Mkono mmoja haufumui nywele."

"Saluni ziko nyingi, mama."

"Ziko nyingi. Ila nimeambiwa hapa ndipo kifo cha mume wangu kinaposimuliwa vizuri. Nimekuja kukisikia."

Msusi akahisi masikio yanamwaka moto. Akachukua chanuo la mkia. Akaanza kufumua rasta ya kwanza, ya nyuma kabisa kisogoni, ili asionane uso kwa uso na yule mwanamke kwenye kioo.

"Hayo ni maneno ya watu tu," akasema.

"Basi yaseme na mimi niyasikie. Mimi si mtu?"

Ajabu ya ulimi. Hadithi ile ile ambayo jana ilikuwa inateleza kama mafuta, leo ilitoka vipande vipande. Msusi akasema kwamba kaka yake alimkuta mkaguzi barazani kwake. Kwamba alimwomba akiri tu alichokifanya. Mkaguzi akakana, akatukana, akamwita mpumbavu. Ndipo Mpole akapiga.

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Endelea."

"Halafu akapiga magoti, akalia. Akavua koti lake akamfunika marehemu." Hapo sauti ya Msusi ilikuwa imeshuka hadi ikabaki kama ya mgonjwa. Hapo ndipo wateja hutokwa na machozi.

Mjane hakutokwa na chozi.

"Koti lilikuwa langu," akasema. "Nilimfunika mimi, kwa mkono mmoja, kwa sababu huu alikuwa ameshauvunja kaka yako."

Chanuo likasimama.

Maana Mpole aliapa. Alipofika kwa dada yake, nguo zimelowa jasho na macho yamemtoka, aliapa kwamba hakumgusa mtu mwingine yeyote. Msusi alimwamini. Mengine, lile koti kwa mfano, aliyaongeza mwenyewe. Alisikia kwa majirani kuwa maiti ilikutwa imefunikwa, akatia chumvi, chumvi ikakolea.

"Nilijitupa juu ya mume wangu," mjane akaendelea. "Nyundo ilikuwa imeshainuliwa. Sisemi alinikusudia mimi. Lakini alipoona ni mkono wangu, hakuacha. Alinivuta pembeni kama gunia, akaendelea na kazi."

"Mama, mimi sikujua."

"Na mume wangu hakukana."

Msusi akaanza kufumua tena, polepole.

"Sikiliza, dada, sikuja kumtetea. Mume wangu alikula rushwa, na mimi nilikula naye. Gauni nililovaa Jumapili moja kabla jengo halijaanguka lilitoka kwenye rushwa hiyo hiyo. Nalijua, na nikilala najua, nikiamka najua. Ningekuwa ni mimi nimefiwa na mtoto, hata sijui ningefanya nini. Lakini usiwaambie watu alikana. Alisema, nipeleke polisi sasa hivi, nitawataja wote, na wakubwa zangu nitawataja, nitasimama mahakamani. Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja ili waondoke."

"Halafu?"

"Halafu kaka yako akacheka."

"Hapana."

"Alicheka. Cheko la mtu aliyefurahi. Ndipo akapiga."

Pazia likatikisika.

"Si kweli," sauti ikasema kutoka stoo.

Msusi akafumba macho. Moyo ulimwenda mbio hadi akaona mapigo kwenye vidole vyake mwenyewe, vilivyoshika nywele za mwanamke yule. Alipofumbua, mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya pazia. Amekonda. Ndevu zimemwota ovyo, na shati lake lilikuwa limeng'ang'aniwa na nyuzi za nywele za bandia, nyeusi na za rangi ya mchanga.

Mjane hakupiga kelele. Ila mkono wake mzima ulishika ukingo wa kiti kwa nguvu zote. Alikuwa anamwangalia kupitia kioo. Hakugeuka.

"Kwa hiyo uko hapa," akasema.

"Niko hapa. Na sikucheka."

"Mwanangu, rudi ndani," Msusi akanong'ona. Ndivyo alivyozoea kumwita tangu mama yao alipofariki, mwanangu, ingawa ni mdogo wake wa kuzaliwa naye. "Rudi ndani tafadhali."

"Acha nimjibu, dada. Mama, mume wako aliua watoto. Mtoto wangu alitolewa chini ya zege akiwa ameshika kipande cha kitambaa, hawakuweza kukitoa mkononi, tukamzika nacho. Mahakama ilisema hakuna aliyekosa. Nilikwenda kwa kila mkubwa. Nilikaa kwenye mabenchi mpaka wafagizi wakanijua jina. Sasa niambie, ningefanya nini?"

"Ungempeleka," mjane akasema. "Alikuwa amekubali. Ulichokuwa unakitafuta kwenye mabenchi yote hayo kilikuwa mbele yako, kimevaa kiatu kimoja."

Mpole akafungua mdomo.

Msusi alimtazama. Alikuwa anasubiri jibu, na siku hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyelitaka jibu hilo kuliko yeye. Alitaka mdogo wake aseme uongo kwa nguvu, aseme mwanamke huyu amechanganyikiwa kwa msiba, kisha maisha yaendelee, na wateja warudi wakae.

"Dada," Mpole akasema badala yake, na alikuwa hamtazami mtu. "Nilimdanganya kila mtu. Hata wewe."

"Usiseme."

"Aliposema anakubali, nilichukia. Niliona ananinyang'anya. Nimekuja nimejikaza, nimempania, halafu yeye anatafuta kiatu. Nikasema moyoni, huyu akifika mahakamani atafungwa, atakula, atalala, atatoka. Na mimi sitampiga. Hapo kicheko kikanitoka. Kwa sababu alikuwa wangu. Hakuna aliyejua kuwa amekubali, isipokuwa mimi na mkewe."

"Na mkono wake?" Msusi akauliza.

"Niliusikia ukivunjika."

Bomba la sinki la kuoshea nywele lilikuwa linadondosha maji.

Msusi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Aibu ya kukutwa na kosa aliifahamu, kila mtu anaifahamu. Hii ilikuwa nyingine. Alikuwa ameibeba hadithi hii mikononi wiki baada ya wiki, akiisafisha, akiipaka mafuta, akiisuka mpaka ikapendeza, na wanawake wenye akili zao wameondoka nayo vichwani. Ni wangapi? Wangapi waliirudia nyumbani, kwa waume, kwa watoto? Akataka kukaa chini. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa cha mteja, akaona hastahili hata hicho.

"Mama," akaanza, "mimi..."

Mlango ukasukumwa.

Aliyeingia ni mumewe Msusi, mwoka mikate, aproni imejaa unga, anahema. Ni mtu mkimya, mtu wa kuamka na kwenda kwenye tanuri lake na kurudi. Hata ugomvi wa ndani alikuwa akiumaliza kwa kutoka nje kumwagilia maua. Lakini sasa macho yake yalikuwa yanang'aa. Hakumwona hata mjane. Alimwona shemeji yake amesimama nje ya pazia, akacheka kwa furaha.

"Umeshasikia, shemeji? Wamempata nyapara."

Nyapara ndiye aliyewasimamia vibarua siku jengo lile linajengwa.

"Akina nani wamempata?" Msusi akauliza.

"Watu. Mtaa. Alikuwa anapanda basi atoroke, fundi viatu akamtambua. Wako naye pale mbele ya karakana ya shemeji. Wamesema wampeleke hapo hapo kwa heshima yake." Akamgeukia Mpole. "Watu wanakufanyia kazi yako. Leo wewe pumzika."

Mpole akawa mweupe midomoni.

"Huyo alikuwa wangu wa tatu," akasema polepole, kama mtu anayekiri ugonjwa.

"Wanajua. Mke wangu alishawaambia."

Kweli, alishawaambia. Wiki iliyopita, mwanamke mmoja akiwa chini ya mashine ya kukaushia, aliuliza, "Sasa amebaki nani?" Msusi akajibu, bila hata kufikiri, huku anapaka mafuta kichwa cha mwingine: "Amebaki nyapara." Wakacheka kidogo. Kisha wakaendelea na habari za harusi.

Mpole alikuwa ameshafika mlangoni.

"Polisi watakuona," Msusi akasema.

"Wanione."

Akatoka mchana kweupe, mtu aliyekuwa akifichwa kuliko dhahabu. Msusi akatupa chanuo, akamfuata. Mjane naye akajivuta kutoka kwenye kiti, shuka la saluni bado limemning'inia shingoni, nusu ya kichwa rasta na nusu nywele zimesimama, akawafuata. Mwoka mikate akaja nyuma yao akiuliza huyu mama ni nani.

Karakana iko kona ya pili. Sauti waliisikia kabla hawajafika.

Nyapara alikuwa amekalishwa chini, ameegemezwa kwenye geti ambalo Mpole hakuwahi kulimaliza. Ni mzee kiasi, mwembamba. Jicho moja limeshafumba kwa kipigo. Mfuko wake wa safari umepasuliwa, nguo zimetupwa barabarani, na watu wanazikanyaga. Wengi wao Msusi aliwajua kwa vichwa: huyu anapenda mistari midogo, huyu nywele zake zinakatika. Fundi viatu yupo. Muuza magazeti yupo. Mwalimu wa chekechea yupo, ameshika jiwe kwa namna ambayo watu hushika machungwa sokoni.

Walipomwona Mpole, kelele zikakatika. Halafu zikaanza upya, zikiwa nyimbo.

"Mpole. Mpole. Mpole."

Wakampisha. Wengine walitaka kumgusa begani tu. Mwanamke mmoja alikuwa akilia. Fundi viatu akamletea nondo, akaishika kwa mikono miwili kama anayekabidhi zawadi. Ilikuwa na zege limeganda ncha moja. Waliichomoa kwenye kifusi cha lile jengo.

"Tulikuwekea," akasema. "Sisi tumempasha moto tu. Wa kummaliza ni wewe."

Mpole akaipokea.

Hapo Msusi roho ikawa juu. Aliona vidole vya mdogo wake vikiizoea ile nondo, vikitafuta mahali pa kuishika. Mikono ya fundi haisahau chuma. Akaona mabega yanashuka, yanatulia. Mjane alikuwa ameshajipenyeza hadi mbele na kusimama kando ya nyapara, plasta yake kifuani. Watu walidhani naye amekuja kushuhudia, wakampa nafasi.

"Una la kusema?" Mpole akamuuliza nyapara.

Mzee akatema damu pembeni, kwa adabu, asimchafue mtu.

"Nilichanganya saruji kama nilivyoambiwa. Nilijua haitoshi. Niliogopa kufukuzwa kazi." Akashika pumzi. "Nipeleke popote unapotaka, baba. Nitasema yote. Nitawataja."

Na Msusi akaiona. Wengine hawakuiona, maana hawakumlea. Kwenye pembe ya mdomo wa mdogo wake kitu kilicheza, kikapanda, kikataka kutoka. Hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani.

Mpole naye alikihisi. Akapeleka mkono mdomoni haraka, akaufunika, kama mtu aliyeshikwa na kichefuchefu mbele ya wageni. Akakaa hivyo, nondo mkono mmoja, mdomo mkono wa pili, na kila mtu anamwangalia.

Kisha akainama. Akailaza nondo chini taratibu.

"Mkaguzi aliniambia maneno haya haya," akasema. "Kabla sijampiga. Alikubali kwenda polisi."

Watu wakatazamana.

"Alikana," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Dada yako katuambia."

"Hakukana. Na sikulia. Nilicheka. Huyu hapa mkewe, muulizeni. Huu mkono niliuvunja mimi."

Macho yote yakahamia kwenye plasta, yakakaa hapo kidogo, yakahama upesi. Fundi viatu akaanza kufuta viganja vyake kwenye suruali. Mwalimu wa chekechea akaangalia jiwe lake kama vile hajui lilifikaje mkononi.

"Aliyeua mtoto wangu alistahili adhabu," Mpole akasema. "Sitawadanganya kwamba nimeacha kuamini hivyo. Lakini mimi sikwenda kuadhibu. Mimi nilikwenda kufurahi. Msiniite tena Mpole." Akakaa chini pale pale vumbini, bega kwa bega na nyapara, akanyoosha mikono yote miwili mbele. "Mwenye simu awaite polisi. Nawasubiri."

Hakuna aliyetoa simu. Hakuna aliyeondoka pia. Walisimama tu, kila mmoja anatafuta pa kuweka uso wake. Msusi alijua wanamtafuta yeye. Wanataka aseme hivi, hapana, hadithi ni ile ile, kaka yangu amechoka tu kwa kujificha. Akitamka hivyo, watampenda. Akalainisha midomo.

"Anasema kweli," akasema. "Na lile koti nilitunga mimi."

Sauti ilitoka ndogo, lakini walio mbele waliisikia, nao wakawapa walio nyuma. Mwanamke aliyekuwa akilia akaacha kulia, akamtazama Msusi kwa chuki ya waziwazi. Mtu mmoja akaanza kuondoka, halafu wa pili.

Msusi alikuwa anainama amwinue nyapara, aone kama anaweza kutembea, aliposikia chuma kikikwaruza ardhi nyuma yake.

Akageuka.

Nondo haikuwa chini tena. Ilikuwa mikononi mwa mumewe. Unga wa mkate ulikuwa umemjaa hadi kwenye nyusi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili katikati ya unga huo. Ni yeye aliyekuwa akimbeba yule binti wa Mpole mabegani alipokuwa mdogo. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto.

"Shemeji umechoka," akasema kwa upole, kama anavyosema na kila mtu. "Kaa tu. Ni haki yako kuchoka."

"Baba, weka chini," Msusi akamwambia. "Umesikia alivyosema. Umesikia nilivyosema. Ile hadithi ni ya uongo."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Umenisimulia kila jioni, mke wangu. Mimi siwezi kuifuta kwa sababu wewe umeona aibu leo."

Akasogea. Waliokuwa wanaondoka wakasimama, wakageuza shingo. Mpole akataka kuinuka, goti likamtelezea kwenye nguo za nyapara zilizotapakaa. Mjane alishakuwa magotini, mkono wake mmoja mzima umemkumbatia mzee kichwani.

Msusi akaingia katikati. Alikuwa karibu na mumewe kiasi cha kunusa harufu ya mkate kwenye aproni yake, na akamtazama usoni, akitafuta woga au aibu, chochote cha kumshikia.

Hakukiona. Alichokiona ni kwamba mume wake, mtu ambaye hajawahi kumwinulia hata sauti, ameanza kutabasamu.

Na nondo ilikuwa inapanda.